Gari lililotumika la safari ndefu na kulala porini: namna ya kuchagua kwa pesa kidogo

Kila msimu wa kurina asali unapokaribia, swali moja hurudi kwenye kipindi chetu cha asubuhi. Kikundi kimechanga pesa, hazitoshi kununua gari jipya, na kambi iko mbali ndani ya msitu. Wanauliza: tununue gari gani? Wafanyabiashara wanaozunguka minadani huuliza hivyo hivyo, kwa sababu nao hulala njiani siku mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani.

Wengi huanza kwa kutuuliza jina la gari. Noah au Hilux? Probox au Escudo? Sisi tunashauri jina liwe la mwisho. Gari rahisi si lile lenye bei ndogo kwa dalali. Ni lile litakalokupeleka na kukurudisha kwa gharama unayoimudu mwaka mzima. Gari la bei ndogo likifia porini, kilomita 80 kutoka kijiji cha karibu na mtandao wa simu hakuna, utalipa gari la kulivuta, fundi wa kusafiri, vipuri vya kuagiza na mzigo ulioharibika. Wahenga walisema rahisi ghali.

Makala haya yanakwenda hatua kwa hatua. Kwanza safari yenyewe, kisha pesa, kisha aina za magari, ukaguzi, karatasi, na mwisho namna ya kulala kambini salama.

Anza na safari, si gari

Chukua karatasi na kalamu. Jibu maswali manne kabla ya kuonana na dalali.

Swali la kwanza: barabara ikoje? Lami, changarawe, mchanga, au udongo mweusi wa mbugani unaonasa ukinyesha mvua? Tofautisha pia kiangazi na masika. Njia za kuingia misitu ya Sikonge na Inyonga hupitika na gari dogo wakati wa kiangazi, lakini mvua zikianza kunyesha njia zile zile hukwamisha hata magari makubwa. Kama wewe huenda kambini kiangazi tu, usilipie gari la masika.

Swali la pili: mzigo una uzito gani? Hapa ndipo wengi hukisia. Asali ni nzito kuliko maji. Ndoo ya lita 20 ikijaa asali ina takriban kilo 28. Tuseme kikundi kinarudi na ndoo 20. Hizo ni kilo 560. Ongeza watu 4 wa wastani wa kilo 70, ambao ni kilo 280. Ongeza maji ya kunywa na kupikia lita 100, yaani kilo 100. Ongeza vyakula, sufuria, magodoro na turubai, tuseme kilo 60. Jumla ni kilo 1,000. Hiyo ni tani nzima, na hujaweka mafuta ya akiba wala tairi la pili la spea.

Swali la tatu: mnalala wapi? Ndani ya gari, kwenye hema pembeni, au kibandani? Watu wawili wanaweza kulala ndani ya gari la familia. Wanne hawawezi, labda wakae. Kama kambi ina kibanda, nafasi ya kulala isikufanye ununue gari kubwa.

Swali la nne: fundi na vipuri viko wapi? Uliza mafundi wawili au watatu wa mji wako wa karibu magari wanayoyatengeneza kila siku. Uliza duka la vipuri kama lina pampu ya maji, diski za klachi na bushi za gari unalolitaka. Gari ambalo vipuri vyake vinaagizwa Dar es Salaam na kukaa njiani wiki nzima si gari la msituni, hata liwe zuri kiasi gani.

Ukimaliza, angalia jambo moja zaidi. Ni siku ngapi kwa mwaka utahitaji uwezo mkubwa kabisa? Kama mzigo wa tani moja unatoka msituni mara mbili tu kwa mwaka, hesabu gharama ya kukodi lori kwa siku hizo mbili. Mara nyingi kununua gari dogo la kupeleka watu na vyakula, kisha kukodi lori la kutoa asali, hugharimu kidogo kuliko kununua gari kubwa linalokula mafuta siku zote 365.

Usimalize pesa zote kwenye bei ya kununua

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Una shilingi milioni 12. Ukinunua gari la milioni 12, siku ya kwanza huna pesa ya tairi, betri, bima wala kuhamisha umiliki. Ushauri wetu ni kutenga angalau robo. Tafuta gari la milioni 9 au pungufu, na milioni 3 zibaki mfukoni. Gari lililotumika karibu kila mara hudai kitu katika miezi ya kwanza: tairi, oili zote, chujio, mikanda, mabomba ya rejeta, breki.

Mafuta nayo yana hesabu yake. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilomita 600. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litatumia lita 50. Linalokwenda kilomita 6 kwa lita litatumia lita 100. Tukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, la kwanza linatumia 150,000 na la pili 300,000. Kwa safari 20 za mwaka, la kwanza limetumia milioni 3 na la pili milioni 6. Tofauti ya milioni 3 inarudi kila mwaka, wakati bei ya kununua unalipa mara moja.

Bei ya shilingi 3,000 ni ya mfano. EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila eneo. Weka bei ya eneo lako, kisha rudia hesabu.

Magari yanayopatikana na kazi zake

Probox na ndugu yake Succeed. Yana injini ndogo za petroli, nyingi za ukubwa wa lita 1.5 au 1.3, na hayali sana mafuta. Mafundi wanayajua na vipuri viko kila mji. Viti vya nyuma vikilazwa, sakafu huwa tambarare na watu wawili wanaweza kutandika godoro. Lakini yametengenezwa kubeba kilo 400, nayo yako chini. Kwenye lami na changarawe nzuri ni magari ya kutegemewa. Kwenye njia yenye visiki na mifereji, sampu ya oili inaweza kupasuka. Rudia hesabu yetu ya juu: ndoo 20 za asali peke yake zimeshapita kilo 400.

Noah ya zamani. Tunaizungumzia ile iliyotengenezwa kati ya miaka ya 1996 na 2001, ambayo injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ina nafasi kubwa, viti vyake hulazwa, na injini yake ya petroli ya lita 2.0 ni ya kawaida kwa fundi. Zipo zenye kuvuta magurudumu yote manne, yaani fowili. Mambo mawili ya kuangalia: kuchemsha, maana injini imejificha na dalili huchelewa kuonekana, na mkanda wa taimingi, unaopaswa kubadilishwa takriban kila kilomita 100,000. Noah iliyofuata baada ya hapo inavuta kwa mbele na ina mfumo wa D-4, unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo hautaki petroli chafu. Kwa mtu anayenunua petroli kwenye chupa na madumu kijijini, tahadhari.

Escudo na RAV4. Ni magari madogo yaliyoinuka kidogo. Escudo nyingi za fowili zina gia nzito, zile za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, zinazosaidia kwenye tope na mlima. RAV4 haina gia hizo. Ni nzuri kwa barabara mbaya ya kawaida, lakini usiipeleke kufanya kazi ya pikapu. Yote mawili ni ya kubeba watu na mizigo ya kambi, si ya kutoa mavuno.

Hilux na Land Cruiser. Haya yana chesisi imara, yako juu na yanabeba. Hilux nyingi za kebini moja zimeundwa kubeba mzigo wa karibu tani moja. Kwa msitu, mafundi wengi hupendelea zile zenye injini za dizeli za zamani zisizo na umeme mwingi: 3L ya lita 2.8, 5L ya lita 3.0, na kwa Land Cruiser 1HZ ya lita 4.2 yenye silinda 6. Injini hizi huvumilia mengi kuliko dizeli za kisasa zinazotumia kompyuta, ambazo dizeli yenye maji au uchafu inaweza kuziharibia nozeli na pampu. Kasoro yake ni bei. Hazishuki thamani haraka, kwa hiyo ukiona Hilux ya bei ya chini mno, uliza imeficha nini. Huwa ni chesisi, injini au karatasi.

Land Rover za zamani. Bodi yake ni ya aluminiamu, kwa hiyo haishiki kutu kama bati la chuma. Lakini chesisi yake ni ya chuma na inaoza. Watu hudanganywa na bodi safi wakati chini kumekwisha. Nunua kama tu una fundi anayeijua.

Kirikuu, yaani Suzuki Carry. Ni gari zuri la kuzunguka mjini na kijijini. Injini yake kwa nyingi ni sisi 660, na uwezo wake ni kilo 350. Kwa safari ya mamia ya kilomita ikiwa imejaa, injini inateseka muda wote, na watu hukaa nyuma juu ya mzigo. Hilo la kukaa juu ya mzigo limeua wengi nchini. Tunashauri lisiwe gari lako la kambi ya mbali.

Na je, fowili ni lazima? Hapana. Gari la kuvuta magurudumu mawili lenye tairi nzuri, lililoinuka, na dereva anayejua kushuka kupima kina cha maji kabla ya kuvuka, hufika sehemu nyingi wakati wa kiangazi. Fowili huongeza bei, ulaji wa mafuta na vitu vya kuharibika. Inunue kama mchanga au tope ni sehemu ya njia yako ya kila mara.

Siku ya kukagua

Nenda asubuhi na fundi wako mwenyewe. Usikubali fundi wa muuzaji wala wa dalali. Mlipe fundi wako ujira wa siku, iwe gari mnalinunua au hamlinunui, ili asiwe na sababu ya kukuambia ndiyo.

1. Mwambie muuzaji mapema asiwashe gari. Ukifika, fungua boneti uguse injini. Ikiwa ya moto, limepashwa kabla yako. Injini yenye shida ya kuwaka huonekana ikiwa baridi.

2. Injini ikiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji yawe safi. Ukiona utando wa oili, mashaka. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta povu jeupe kama maziwa chini yake, huenda maji na oili vinakutana, na gasketi ya silinda hedi imekwisha. Usifungue rejeta ya moto hata siku moja. Maji yake hukuunguza uso.

3. Washa, utazame moshi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi au hewa isiyotosha. Moshi mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dalili ya maji kuingia kwenye silinda, au kwa dizeli, nozeli na mgandamizo hafifu. Mvuke kidogo wa asubuhi unaoisha baada ya dakika chache si tatizo.

4. Lala chini ya gari. Angalia chesisi kutoka mbele hadi nyuma. Gonga kwa bisibisi penye rangi mpya. Tafuta mahali palipochomelewa. Baadhi ya magari yaliyotumika Japani yametoka mikoa ya theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na chumvi hula chuma. Hapa kwetu, jihadhari na gari lililokuwa likibeba samaki au chumvi kwa sababu hiyo hiyo.

5. Soma tairi. Ubavuni kuna namba nne za tarehe. Mathalani, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini la zamani linaweza kupasuka ukiwa na mzigo kwenye joto. Usisahau tairi la spea, jeki na spana ya magurudumu.

6. Linganisha kilomita na uchakavu. Saa ya kilomita inaweza kurudishwa nyuma. Pedali zilizolika hadi chuma, usukani uliong'aa na kiti kilichobonyea havilingani na kilomita 70,000.

7. Endesha angalau kilomita 30, zikiwemo za barabara mbaya. Zima redio. Sikiliza migongo ya chini: bushi, bolijointi, shokapu, propela. Kwenye gari la otomatiki, toa kijiti cha oili ya gia boksi uinuse. Ikinuka kuungua na kuwa nyeusi, gia boksi imechoka. Kwenye fowili, ingiza fowili kwenye mchanga au udongo na uhakikishe magurudumu ya mbele yanavuta. Fowili ya kuingiza na kutoa usiijaribu kwenye lami kavu, maana inaharibu gia.

8. Ukirudi, liache likiwa linaunguruma dakika 15, ukitazama mshale wa joto. Ukipanda kupita katikati, ondoka. Kisha lizime, subiri, utazame chini kama kuna kinachodondoka.

Gari likishindwa jambo moja dogo, pata makadirio ya fundi na ulitumie kushusha bei. Likishindwa kwenye chesisi, gasketi au gia boksi, liache. Yapo mengine.

Namba ya gari isikudanganye

Mtaani watu hununua kwa herufi. "Hii ni namba D, hii ni namba E." Herufi kwenye namba huonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, si mwaka lilipotengenezwa. Gari la mwaka 1999 linaweza kuingia nchini miaka mingi baadaye na kupata herufi ya karibuni. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi ya gari. Soma huko.

Faida ya herufi ipo, lakini nyingine. Gari la herufi ya zamani limetembea muda mrefu zaidi kwenye barabara zetu. La herufi mpya limetembea muda mfupi hapa, ingawa linaweza kuwa limetembea sana huko lilikotoka.

Karatasi

Chukua kadi ya gari na usimame nayo mbele ya injini. Namba ya chesisi iliyopo kwenye gari ifanane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo pia kwa namba ya injini. Kama namba ya chesisi imekwanguliwa au kuchomelewa, usiendelee na biashara hiyo, bei iwe yoyote.

Jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Akisema gari ni la shemeji yake aliye Mwanza, zungumza na mwenye jina na umtake awepo siku ya mkataba. Kama mwenye gari amefariki, anayeuza awe msimamizi wa mirathi mwenye hati ya mahakama. Akikuonyesha nakala tu ya kadi, uliza kadi halisi iko wapi. Huenda imewekwa rehani kwa mkopo.

Kwa namba ya gari unaweza kuangalia kwenye mfumo wa Polisi kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa, na kwenye mfumo wa TIRA kama bima ya gari ni halali. Yote mawili hufanyika kwa simu yenye intaneti. Usiposhika simu vizuri, muombe kijana wako akusaidie. Taarifa za usajili thibitisha ofisi ya TRA.

Andikeni mkataba mbele ya wakili, pamoja na mashahidi na picha za vitambulisho vya pande zote. Lipa kupitia benki ili ibaki kumbukumbu. Kisha hamisha umiliki TRA mapema. Wengi hukaa miaka na gari lenye jina la mtu mwingine. Siku mwenye jina akifariki, au gari likipata ajali, au warithi wakilidai, utapata shida kuthibitisha kuwa ni lako. Kama ni gari la kikundi, lisajiliwe kwa jina la kikundi kilichosajiliwa, si la mwenyekiti. Na muandike kabla ya safari ya kwanza nani anaendesha, nani analipa mafuta, na kila mmoja anachangia kiasi gani kwa matengenezo.

Kulala kambini salama

Sehemu hii tunaomba uisome hata kama huna mpango wa kununua gari.

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya gari wala ndani ya hema, hata kwa dakika chache za kuondoa baridi. Usilale ndani ya gari lililofungwa injini ikiwa inaunguruma. Mkaa unaoungua na moshi wa gari hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Hutasikia chochote. Kichwa huanza kuuma, mwili unalegea, usingizi unazidi, na mtu hufa akiwa amelala. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi kuifanya salama. Jiko la mkaa hata likionekana limezimika, bado linatoa hewa hiyo. Liache nje.

Mwenzako akilalamika kichwa na kichefuchefu karibu na moto au injini, mtoeni nje kwenye hewa safi mara moja na mumpeleke kituo cha afya.

Petroli ya akiba usilale nayo ndani ya gari. Iweke nje, mbali na moto, kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko kinachobana. Dumu la plastiki la mafuta ya kula halikutengenezwa kwa petroli.

Madirisha yanayohitaji hewa yafunge kwa chandarua. Mbu yupo, na kwenye misitu yetu ndorobo yupo pia. Ndorobo huvutwa na vitu vinavyotembea, na rangi ya bluu iliyokolea au nyeusi humvutia zaidi. Vaa nguo za rangi hafifu, zenye mikono mirefu.

Taa na simu za kambini zisitegemee betri ya gari. Asubuhi mtakuta haliwaki na mko mbali na kila mtu. Taa ndogo ya sola inatosha. Kama gari ni la gia za kawaida, egesha kwenye mteremko mdogo mbali na mto, ili betri ikishindwa mlisukume.

Egesha juu ya ukingo, si kwenye mkondo wa maji uliokauka. Mvua inaweza kunyesha mbali na maji yakafika mlipo usiku. Pia usisimamishe gari lenye injini moto juu ya nyasi ndefu kavu. Bomba la moshi linaweza kuziwasha. Na kabla ya kulala ndani ya hifadhi ya msitu, pateni kibali cha TFS. Ndani ya hifadhi za taifa hulali popote, ni kwenye kambi zilizoruhusiwa tu.

Vya kubeba si vingi: tairi la spea, na mawili kama njia ni ya mawe, jeki pamoja na ubao wa kuiwekea chini isizame, pampu ya upepo, mkanda wa feni na bomba la rejeta la akiba, fyuzi, oili lita 2, maji ya rejeta mbali na ya kunywa, kamba imara ya kuvutia, koleo, pembetatu mbili za onyo, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza. Mwachie mtu nyumbani maandishi ya njia mnayopita na siku mnayotarajia kurudi. Msiporudi siku hiyo, ajue pa kuanzia kutafuta.

Kabla hujalipa

Rudia karatasi yako ya mwanzo. Barabara, mzigo, malazi, fundi. Gari lililo mbele yako linajibu yote manne? Limepita ukaguzi wa asubuhi? Karatasi zimelingana? Robo ya pesa bado iko mfukoni? Kama jibu ni ndiyo kwa yote, nunua. Kama moja ni hapana, mwambie dalali utarudi. Atakuambia kuna mteja mwingine anakuja saa nane mchana na pesa taslimu. Mwache mteja huyo alinunue.